Filta ya wazi na ekzosi pana kwa injini isiyo na turbo

Umeuliza kama filta ya hewa ya wazi (isiyo na boksi) na ekzosi pana vitaiamsha injini yako ya lita 1.6 isiyo na turbo, gari la kwenda kazini kila siku. Kidogo mno. Filta ya wazi inaweza hata kupunguza nguvu: ikikaa karibu na injini bila kizuizi cha joto, inavuta hewa ya moto. Na bomba lake likiwa na kipenyo kikubwa zaidi pale inapokaa sensa ya hewa, vipimo vinapotoka, petroli inapungua kwenye mchanganyiko, taa ya injini inawaka.

Bakiza boksi la filta la kiwandani, tia filta mpya ya karatasi na plagi zenye mwanya ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Hela peleka kwenye manifoldi ya ekzosi ya 4-2-1 (mabomba manne ya silinda yanaungana kuwa mawili, kisha moja), inasaidia injini ikizunguka kwa kasi ya kati, ambako ndiko unakoendeshea. Gasketi iwe mpya, na nati zikaze tena injini ikiwa baridi baada ya safari chache. Manifoldi ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inaingia, sensa inadhani petroli ni kidogo, na kompyuta ya injini inamwaga petroli bure.

Bomba la inchi 3? Kelele tu.