"Wataletwa" na nani? Barua kwa wawakilishi wadi wapya

Jumanne iliyopita niliketi sehemu ya wageni ya bunge letu la kaunti nikamsikiliza mwakilishi wadi kijana akiwasilisha mswada wake wa afya, usomaji wa pili. Alisema vizuri. Ana sauti, mahitaji ya wadi yake anayajua kwa moyo, na anawapenda watu wake waziwazi. Kisha mwenzake akasimama akamuuliza: hizo zahanati tatu unazotaka zijengwe, wauguzi wake wamo kwenye makadirio ya mwaka gani? Akajibu, "Bwana Spika, wauguzi wataletwa." Akaketi, wenzake wakapiga meza.

Lilinikata maini neno hilo. Nililitamka mimi, ukumbini humo humo, mwaka 2014, na mimi pia nilipigiwa meza.

Nilikaa bungeni vipindi viwili, 2013 hadi 2022, na miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa kamati ya afya. Ninawaandikia kwa sababu nawaona mkiingia mashimo yale yale, tena kwa mwendo wa kasi. Nitawaita wanangu, mniwie radhi waheshimiwa. Hansadi, kumbukumbu rasmi ya maneno ya bungeni, haiko hapa.

1. Anzeni na Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya, linalogawa kazi kati ya taifa na kaunti, sehemu ya pili, kabla hamjaandika hata kichwa cha mswada. Vituo vya afya vya kaunti, ambulensi, afya ya msingi, leseni za wauza vyakula, makaburi, taka: hivyo ni vyetu. Sera ya afya na hospitali za rufaa za taifa si zetu. Kamati imewahi kupoteza siku nzima kwa kifungu kilichokuwa kinaiamuru hospitali ya taifa, na mwenye kifungu alinuna wiki mbili.

2. Msinakili mswada wa kaunti nyingine mkabadilisha jalada tu. Mwezi jana nililetewa rasimu niipitie. Kifungu cha tisa kinawalinda wavuvi wa ziwani, na sisi hatuna ziwa. Nilicheka mpaka machozi, naye mwenye rasimu akacheka, kisha tukaketi tukaifumua mstari kwa mstari hadi magharibi. Kuiga si kosa. Makueni walianza mpango wao wa matibabu ambapo kila nyumba ililipa shilingi 500 kwa mwaka, na kaunti nyingi zikaenda kuutazama. Lakini nendeni mkajue unafanyaje kazi: nani alihesabu kaya, fedha iliyopungua ilitoka kwenye mfuko gani, mgonjwa akipelekwa nje ya kaunti nani analipa. Karatasi haiwaambii hayo. Karani wa hospitali anawaambia, mkiketi naye.

Kwenye hoja hiyo hiyo: mkikuta mswada wa kale wa kuziruhusu hospitali zibaki na makusanyo yao, jueni Bunge la Taifa na Seneti zimeshapitisha Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023. Kabla yake fedha zilikuwa zikipanda juu kwenye akaunti ya mapato ya kaunti, na hospitali iliyozikusanya inakosa glavu. Nimewahi kumwona daktari msimamizi akinunua pamba kwa mshahara wake. Kazi yenu leo ni kuuliza kama kaunti yenu inaitii sheria hiyo, si kuitunga upya.

3. Ushirikishwaji wa umma. Ibara ya 196 ya Katiba haiwaombi, inawaamuru. Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na sote tuliokuwa wageni wakati ule tulitetemeka. Tangazo gazetini peke yake halitoshi. Nendeni msikitini, kanisani, redio ya lugha ya nyumbani, baraza la chifu. Na mkiitisha kikao cha mswada wa afya ya uzazi saa nne asubuhi siku ya soko, msishangae kuwapata wazee watupu chini ya mwembe.

4. Matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Hapa nitakaa.

Mnajua Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Ukuta ni maendeleo. Mshahara wa muuguzi si maendeleo, ni matumizi ya kawaida. Kanuni za sheria hiyo za 2015 zikaongeza kwamba mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimekwishaupita mpaka huo. Kwa hiyo mwenye kusema "wauguzi wataletwa" anaahidi kitu ambacho mlango wake unakaribia kufungwa. Na kisarufi pia neno lenyewe lina hila: wataletwa, na aliye na jukumu la kuwaleta hatajwi.

Mwaka 2014 wadi yangu ilikuwa na zahanati moja ya ngazi ya pili, wauguzi wawili, na mto unaojaa masika ukatukata na hospitali. Wanawake walikuwa wakinisimamisha njiani: mheshimiwa, tujengee wodi ya kujifungulia. Niliwaahidi kwenye kampeni, nikaahidi tena kwenye mazishi, nikaahidi redioni. Bajeti ilipofika kamatini, nikaona njia. Ndani ya fungu la afya kulikuwa na fedha za mafuta ya ambulensi na za mikataba ya wauguzi wa muda. Nilishawishi wenzangu tuzihamishe ziende kwenye ujenzi. Nilipiga simu, niliomba, niliahidi kuunga mkono barabara za watu. Nilikuwa hodari sana wiki ile.

Muuguzi msimamizi alikuja nyumbani kwangu Jumapili. Hakuja kugombana. Alikunywa chai, akaniambia: "Mheshimiwa, tuko wawili tu. Usiku nani atafungua mlango?" Nikamjibu, wataletwa. Aliniangalia kidogo, akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Wodi ilikwisha. Tuliifungua mapema 2016 kwa nyimbo za akina mama, utepe, na kibao cha marumaru chenye jina langu. Vitanda sita vilikuwa bado vimevikwa nailoni. Mkandarasi alitutilia taa kubwa barazani, inayoonekana mpaka ng'ambo ya mto, nami nikaitangaza redioni: mkiona taa ile, njooni.

Wauguzi hawakuletwa. Wawili wale wale walihudumu mchana, na usiku mlango ulifungwa, kwa sababu binadamu hulala. Nilijua. Niliandika barua kwa waziri wa kaunti wa afya, nikaandika tena, nikajiambia mambo yako mbioni.

Usiku mmoja wa mvua za masika, mama mwenye uchungu wa mtoto wa pili aliletwa na bodaboda pamoja na mama mkwe wake. Waliifuata taa. Muuguzi mmoja alikuwa likizo. Wa pili alikuwa amekwenda mjini kufuatilia dawa na mto ukamzuia kurudi. Mlinzi hakuwa na ufunguo. Walipiga simu ya ambulensi, dereva akapokea, akasema tangi halina mafuta tangu wiki iliyopita. Mafuta yale nimewaambia yalikwenda wapi. Mama yule alijifungulia sakafuni barazani kabla ya alfajiri, mke wa mlinzi akimshika mabega. Mtoto hakuishi. Mama alipona, kwa rehema za Mungu, baada ya watu kumvusha mto kwa kitanda asubuhi.

Nilikwenda matangani nikaketi mkekani. Hakuna aliyenitukana, na ninyi mnajua wapiga kura wetu wanavyojua kutukana. Bibi yule, mama mkwe, alinisogelea akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, ile taa mliiwasha ya nini?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Miezi mingi baadaye nilikuwa nikipita barabara ile usiku, taa inawaka, nageuza uso. Nilimwambia mlinzi aizime mpaka apatikane muuguzi wa usiku, na kibao cha jina langu nilikwenda na fundi nikakibandua mwenyewe. Watu waliniambia naharibu siasa zangu.

Kipindi cha pili nilirudi na kifungu kimoja: hakuna fedha ya kujenga kituo kipya cha afya bila makadirio ya mwaka huo huo kuonyesha watumishi, dawa, maji na umeme wa miaka miwili ya kwanza. Kifungu hicho kilinichukua muda mrefu kuliko jengo. Wenzangu walikiona adui wa maendeleo. Nilikwenda kwa mmoja mmoja na daftari la zahanati, ukurasa wa usiku ule, ulioachwa mtupu.

5. Hazina ya maendeleo ya wadi. Kila bunge jipya huja na mswada huu, na kila mara kuna kifungu kinachomweka mwakilishi wadi karibu na kitabu cha hundi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatukataza kujiingiza katika kazi za utendaji, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Na Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba Sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ya 2013 ni kinyume cha Katiba. Kama wabunge wa taifa waliambiwa hivyo, sisi wa wadi tutaponea wapi? Andikeni mswada unaoweka kigezo cha kugawa fedha baina ya wadi, na kamati ya wananchi inayokagua mradi kabla mkandarasi hajalipwa. Hapo mtakuwa na ubavu wa kumhoji waziri bila kujiogopa.

6. Gavana ana siku 14 kutia saini au kurudisha mswada na maelezo yake. Akirudisha, msikimbilie kutafuta theluthi mbili za kumshinda nguvu. Someni maelezo kwanza. Kifungu changu kilirudishwa, na alikuwa na haki kwenye jambo moja: sikuwa nimeacha nafasi ya dharura ya mlipuko wa kipindupindu.

Mengine ni mafupi. Msomeni karani wa kamati kama mnavyosoma Kanuni za Kudumu. Fuateni tarehe: mpango wa mwaka Septemba mosi, makadirio Aprili 30, anayeanza kupigania zahanati Mei amechelewa. Wahudumu wa afya ya jamii waulizeni posho yao iliingia lini.

Kijana wa Jumanne alinikuta ukumbi wa nje. "Shikamoo mama," akasema, "umeuonaje mswada?" Nikamsimulia habari ya taa. Alinyamaza, akageuza karatasi ya ratiba ya kikao, akaniomba kalamu. Tukaandika nyuma yake: wauguzi wangapi, kutoka fungu lipi, zamu ya usiku ni ya nani, mafuta ya ambulensi yako wapi. Zahanati tatu zimekuwa moja, kwa sasa. Kamati inakutana Alhamisi saa tatu. Nitakuwa kiti cha nyuma, karibu na dirisha.