Picha ya Sebuleni na Sanda ya Turin

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimetundika sebuleni picha ya uso wa Yesu kutoka Sanda ya Turin, kile kitambaa cha huko Italia ambacho wengi huamini Yesu alizikwa nacho. Jumuiya iliposali kwangu, kijana mmoja wa chuo akasema ile sanda ilipimwa ikaonekana si ya wakati wa Yesu. Mwenyekiti akamwita mpinga Kristo, eti vipimo viliharibiwa na moto. Nani mkweli? Niiondoe? *Mama Neema, Mikindani*

Jibu: Marahaba, mama. Picha iache palepale. Ila ujue kwamba ukiiona sanda yenyewe utashangaa: ni kitani cha mita 4 na ushee, na alama zake ni za kahawia iliyofifia, huioni sura vizuri. Sura ilijitokeza mwaka 1898, mpiga picha Secondo Pia alipoipiga picha akaiona kwenye negativu, yaani filamu ambayo penye mwanga huonekana peusi na penye giza huonekana peupe. Kama yako ni ile nyeusi na nyeupe, basi umetundika negativu.

Sasa vipimo. Mwaka 1988 kipande kilikatwa pembeni, maabara za Oxford, Zurich na Tucson zikagawana. Kitani hutokana na mmea, na mmea ukishavunwa hauvuti tena kaboni ya hewani; kaboni 14, aina ya kaboni isiyodumu, iliyobaki ndani hupungua kwa kasi inayojulikana, ndiyo maana inaonyesha umri. Majibu: kati ya mwaka 1260 na 1390. Kijana hakubuni.

Moto ulikuwepo kweli, huko Chambéry, Ufaransa, mwaka 1532, na watawa wakatia viraka. Lakini joto haliongezi kaboni 14 kwenye uzi, nami nimefundisha kemia muda mrefu mno kunyamazia hilo. Mwenyekiti angesema kona iliyokatwa ilishonwa upya kwa uzi wa baadaye, kama alivyodai mkemia Raymond Rogers mwaka 2005, hapo tungekaa tukajadili. Mimi hainiingii: Mechthild Flury-Lemberg, bingwa wa nguo za kale aliyeikarabati sanda mwaka 2002, hakuona mshono wa aina hiyo.

Na hayo ya “mpinga Kristo” yamenikera. Miongoni mwa watu wa kwanza tunaowajua kuikana sanda hii kwa maandishi ni askofu, Pierre d'Arcis wa Troyes, Ufaransa, aliyemwandikia Klementi VII, aliyedai upapa huko Avignon, mwaka 1389 kwamba ni kazi ya mchoraji. Papa Yohane Paulo II naye, alipokuwa Turin mwaka 1998, aliwaachia wanasayansi swali hilo. Kanisa halijamlazimisha Mkatoliki yeyote kuiamini sanda.

Kwa hiyo mwenyekiti amwombe kijana radhi, tena mbele ya jumuiya, maana alimtukana mbele yao.