Siku 14 za kungoja: matiti yanauma, je, imetunga?

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yametoka kwa wanaotafuta mtoto, na karibu yote yanahusu zile siku kati ya yai kutoka na hedhi kuja. Tumejibu sita.

Leo ni siku ya tano tangu yai litoke. Matiti yanauma, tumbo limejaa gesi, na mchana usingizi unanishinda. Imeshatunga? (Tandahimba)

Siku ya tano ni mapema mno, dada. Yai hurutubishwa ndani ya mrija wa uzazi, hukaa humo siku tatu nne likigawanyika, ndipo huteremka kwenye mfuko wa uzazi. Kujipandikiza kwenye ukuta wa mfuko huanza kati ya siku ya 6 na ya 10 hivi baada ya yai kutoka, na kwa wengi ni siku ya 8 hadi ya 10. Kabla ya hapo homoni ya mimba, hCG, haijaingia kwenye damu yako, kwa hiyo mwili hauna cha kukuambia.

Unachokisikia ni projesteroni. Yai likishatoka, kifuko kilichokuwa kimelibeba kwenye ovari hubaki na kuanza kutengeneza homoni hiyo kwa siku 12 hadi 14. Kazi yake kubwa ni kuulainisha ukuta wa mfuko wa uzazi upokee kijusi, lakini inagusa kwingine pia: matiti hujaa na chuchu kuwasha, utumbo hulegea hata chakula kikapita polepole, gesi ikajaa na choo kikawa kigumu, na usingizi huja bila kualikwa. Projesteroni hupanda mwezi wenye mimba na mwezi usio na mimba, na ndiyo maana dalili za hedhi inayokuja na za mimba changa zinafanana kama pacha. Tunajua inavyouma kuhesabu dalili hizi mwezi baada ya mwezi. Kama yai halikurutubishwa, kifuko kile husinyaa, projesteroni huanguka, na damu hutoka. Hedhi ikipitiliza na matiti bado yamejaa, hapo ndipo dalili zinaanza kuwa na maana.

Mzunguko wangu ni siku 31 hadi 33. Nahesabu siku ya 14 kama nilivyofundishwa, lakini wapi! (Mikindani)

Siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Wewe hesabu kurudi nyuma: toa 14 kwenye urefu wa mzunguko, upate siku ya 17 hadi ya 19. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za mume hukaa hai hadi siku 5 kwenye ute mzuri. Basi kutaneni kila baada ya siku moja kuanzia siku ya 12 mpaka ya 19. Ute ukiwa mwepesi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, hizo ndizo siku zenyewe, zile ambazo wasiotaka mtoto wanaziita siku za hatari.

Kuthibitisha kwamba yai limetoka, pima joto kila asubuhi ukiwa bado ndani ya chandarua, kabla ya kuinuka, kuongea au kunywa maji. Tumia kipimajoto cha dijitali chenye tarakimu mbili baada ya nukta. Joto likipanda kwa nyuzi 0.2 au zaidi juu ya siku sita zilizotangulia, na likabaki juu siku tatu mfululizo, yai limeshatoka. Kosa tunaloliona sana pwani ni la akina mama wa mwani: bamvua likiingia wanaamka kufuata maji, saa ya kupima inabadilika, na chati inavurugika. Siku hizo pima ukishalala angalau saa 3, andika saa pembeni, na usiitegemee sana namba hiyo. Ute utakusaidia zaidi.

Siku ya 9 tangu yai litoke nimeona tone la damu ya kahawia. Ni mimba inajishika? (Masasi)

Huenda, lakini tone halithibitishi kitu. Wengi wanaopata mimba hawaoni tone lolote, na wengine huona tone projesteroni ikianza kushuka. Ikiwa ni la siku moja mbili na halijazi pedi, ngoja upime.

Siku ya 10 tangu yai litoke kipimo kilitoa mstari mmoja. Siku ya 13 mstari wa pili hafifu. Siku ya 16 hedhi ikaja, nzito. Kipimo kibovu? (Lindi mjini)

Kipimo chako yawezekana kilisema kweli mara zote mbili. Vipimo vingi vya mkojo vinavyouzwa maduka ya dawa huona hCG ikifika uniti 25, na siku ya 10 wengi hawajafika hapo. Homoni hiyo huongezeka takriban mara mbili kila siku mbili hadi tatu. Mstari hafifu kisha hedhi nzito maana yake mara nyingi ni mimba iliyotunga ikakoma mapema, kwa kawaida kwa hitilafu ya vinasaba ndani ya kijusi chenyewe. Pole sana, mwanangu. Hukuisababisha kwa kubeba ndoo wala kwa kuokota korosho.

Mwezi ujao pima siku ya 14 tangu yai litoke au baadaye, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Usizamishe kijiti kupita alama, soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, na mstari uliojitokeza baada ya dakika 10 usiuhesabu. Ukiwa hafifu, rudia baada ya saa 48.

Mwili una joto na umechoka. Ni dalili au malaria? (Newala)

Projesteroni hupandisha joto kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 tu. Ukifika 38, hiyo ni homa. Nenda zahanati upimwe malaria siku hiyohiyo, na useme wazi kwamba huenda una mimba, ili dawa ichaguliwe kwa kujua. Usimeze SP, dawa ya malaria, kwa kubahatisha. Ya kinga hutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13. Kwa maumivu tumia parasetamoli, uache diklofenaki na ibuprofeni. Na kama hujaanza foliki asidi, anza leo: mikrogramu 400 kila siku, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki 4 baada ya mimba kutunga, wengi wakiwa hawajajua kama wanayo.

Tumejaribu miezi 14. Mama anataka mke wangu apelekwe kwa mganga, mimi nataka hospitali. Tuanzie wapi? (Ruangwa)

Anzieni wote wawili, kaka, siku moja. Miezi 12 inatosha kusubiri kama mke yuko chini ya miaka 35. Akishafika 35, miezi 6. Mbegu zako zipimwe ukiwa umejizuia siku 2 hadi 7, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Kipimo chake cha projesteroni huchukuliwa siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Klamidia na kisonono vilivyopita kimyakimya huziba mirija, kwa hiyo msione aibu kuvitaja. Dawa za kuweka ukeni mziache kabisa, zinaunguza na kuleta maambukizi.

Jambo moja msilingojee, ninyi wala msomaji mwingine. Hedhi imepitiliza au kipimo kina mistari miwili, kisha maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, damu kidogo, kizunguzungu au maumivu kwenye ncha ya bega: hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na mrija ukipasuka damu humwagika tumboni bila kuonekana. Nenda hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, popote palipo karibu penye chumba cha upasuaji, hata kama ni usiku.