Samaki wamekufa ghafla? Anza na maji

Pole sana ndugu, goldifishi (samaki wa mapambo) watatu kufa kwa siku mbili inauma. Ila umesema tangi lina wiki moja tu na unawalisha mara nne kwa siku, hapo ndo kwenye shida, chakula kinachobaki kinazama kwenye kokoto kinaoza kinatoa amonia, maji unayaona masafi kabisa kumbe sumu, na samaki anapanda juu anahema mdomo wazi. Bakteria wa kuimaliza hiyo amonia wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Aliyebaki mpe kidogo, anachomaliza ndani ya dakika 2, mara moja kwa siku inatosha, badili robo ya maji leo, ya bomba yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Na filta, kile kichujio cha maji wanamokaa hao bakteria, usiisugue bombani jamani, utawaua.