Maswali ya Wasomaji: Ufeministi, Picha za Miili na Mwanafunzi Asiye na Muda

Barua za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, karibu zote kwa watu wazima waliorudi shule huku wana kazi, maduka na watoto. Somo ni lilelile: ufeministi, na jinsi vyombo vya habari vinavyoichora miili ya watu.

Habari za kazi. Mimi ni muuguzi, nina watoto wawili, nimeanza shahada kwa masafa. Moduli ya jinsia na vyombo vya habari inataka makala tatu kila wiki, zote za Kiingereza. Nikitoka zamu ya usiku nafungua faili, nasoma kurasa mbili, usingizi unanichukua. Nifanyeje?
*Muuguzi, Mafinga*

Pole na zamu, dada. Acha kusoma makala kuanzia aya ya kwanza kwenda chini. Haikuandikwa isomwe kama hadithi. Soma muhtasari, ruka hadi hitimisho, rudi kwenye vichwa vidogo. Hizo ni dakika 20, zinapatikana hata kwenye foleni ya benki. Kisha funga faili na uandike sentensi mbili za Kiswahili: mwandishi anadai nini, na ana ushahidi gani. Sentensi ya pili ikigoma, umeshajua pa kurudia. Siku nyingine, ukiwa umelala kwanza, tenga dakika 40 usome ile sehemu ya ushahidi tu.

Katika makala tatu za wiki, moja ndiyo ya kusoma yote. Mbili zilizobaki zitoshe na sentensi zake mbilimbili. Wahadhiri hawatalisema hili darasani, lakini wengi wao husoma hivyohivyo.

Hiyo moja usiisomee kwenye simu. Ukurasa wa safu mbili kwenye kioo kidogo ni adhabu: unavuta kushoto, unavuta kulia, ukifika chini umesahau ya juu. Peleka faili stesheneri wakutolee, mbele na nyuma, uiweke kwenye mkoba. Kalamu ya rangi itumie kwa kubana: mistari mitatu kwa ukurasa, basi. Ukurasa uliopakwa njano wote ni sawa na ambao haujaguswa.

Halafu badili mpangilio wa kusoma. Makala ya Laura Mulvey, mchambuzi wa sinema wa Uingereza, ya mwaka 1975, iliyoleta dhana ya mtazamo wa kiume, huwekwa mwanzoni mwa moduli nyingi. Ni fupi lakini ngumu, maana imejengwa juu ya nadharia za Freud na Lacan kuhusu akili na tamaa zilizofichika, na inazungumzia sinema za zamani za Hollywood. Isogeze hadi wiki ya nne. Kwa sasa shika jambo moja: anasema katika sinema kuna macho ya aina tatu, ya kamera, ya mtazamaji, na ya wahusika wanapotazamana, na kwamba yote matatu yamepangwa yamwone mwanamke kwa jicho la mwanamume. Anza na utafiti wa Fiji tunaoueleza hapa chini. Una namba na dodoso, vitu ambavyo muuguzi hukutana navyo kila siku.

Nimerudishiwa insha ikiwa na maneno "haya ni malalamiko, si hoja." Nilikuwa nimeandika kwamba vyombo vya habari huwafanya wasichana wachukie miili yao. Si kweli jamani?
*Mwalimu wa sekondari, Tukuyu*

Inaweza kuwa kweli, mwalimu, ila hujaionyesha. Sentensi yako ina matundu matatu: vyombo gani, wasichana gani, na hilo neno "huwafanya", ambalo ndilo zito kuliko yote.

Tuuchukue utafiti unaotajwa kuliko mwingine wowote. Anne Becker, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwapima wasichana wa sekondari huko Nadroga, Fiji, mwaka 1995, wiki chache tu baada ya televisheni kufika. Akarudi 1998. Mara ya kwanza walikuwa wasichana 63, mara ya pili 65. Waliopata alama za juu kwenye dodoso la matatizo ya ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2, na waliojitapisha ili wapungue walitoka sifuri hadi asilimia 11.3. Na hao ni watu ambao kwa mila zao mwili ulioshiba ulikuwa sifa.

Wanafunzi huzimwaga namba hizi kwenye karatasi wakaondoka. Ngoja kwanza. Wasichana wa 1998 si walewale wa 1995. Hapakuwa na kundi lisilo na televisheni la kulinganisha nalo. Na ndani ya miaka mitatu mambo mengine nayo hubadilika: shule, pesa, miji. Kwa hiyo unachoruhusiwa kuandika ni kwamba ujio wa televisheni *uliambatana na* ongezeko hilo. Becker pia aliwahoji, na majibu yao yana utamu kuliko asilimia: walieleza kwamba waliwaona wahusika wa runinga kama mifano ya kupata kazi na kuendelea kimaisha, na mwili mwembamba ukawa sehemu ya mfano huo. Hapo chuki ya mwili peke yake haitoshi kuwa maelezo. Kuna riziki ndani yake.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni 1994, mwaka mmoja kabla ya Nadroga, na kishawishi cha kusema yaliyotokea Fiji yalitokea Rungwe ni kikubwa. Usikifuate. Kwetu neno "umepungua" lilikuwa na kivuli chake: kuna miaka ambayo mtu akikonda majirani walianza kunong'ona habari za UKIMWI, na "umenenepa, maisha yamekukubali" ilikuwa pongezi safi. Siku hizi linalosifiwa kwenye video za muziki na kurasa za mitandaoni mara nyingi ni umbo namba nane, wala si wembamba wa wanamitindo wa Ulaya. Mwanafunzi wako wa kidato cha tatu anaweza kutaka tumbo lipungue na makalio yaongezeke kwa wakati mmoja. Dodoso linalomuuliza "ungependa kupungua, kuongezeka, au kubaki ulivyo?" litamkosa kabisa, nawe utaandika kwamba ameridhika. Uliza kwa sehemu: kiuno, nyonga, mapaja, rangi ya ngozi, nywele.

Tena historia ya hapa haianzii kwenye runinga. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, jijini Dar es Salaam, sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana marufuku, kwa jina la utamaduni wa taifa. Magazeti yakajaa barua za kupinga na za kuunga mkono. Mashindano ya urembo ya taifa, yaliyozuiwa miaka hiyohiyo, yalirudi 1994, mwaka uleule wa televisheni. Ukiyaweka haya kwenye insha, mhadhiri ataona unajua kwamba mwili wa mwanamke ulikuwa ukigombewa na wanasiasa na wazee wa mila hata kabla ya tangazo la sabuni, na neno "vyombo vya habari" litaacha kubeba lawama zote peke yake.

Na tahadhari na namba za kushtua, hata za waandishi wakubwa. Kitabu cha Naomi Wolf cha 1990 kuhusu urembo kilidai kwamba wanawake 150,000 hufa kila mwaka Marekani kwa ugonjwa wa kujinyima chakula. Hiyo ilikuwa idadi ya wagonjwa, haikuwa ya vifo, na ikabidi isahihishwe baadaye. Bado kuna insha zinazoinukuu.

Nina duka la vitenge Mwanjelwa na nasoma jioni. Tumepewa zoezi la "uchambuzi wa maudhui" kuhusu picha za wanawake. Bando langu dogo, na muda wangu ni Jumapili mchana tu.
*Mfanyabiashara, Mbeya*

Uchambuzi wa maudhui ni kuhesabu kwa kanuni kilichomo kwenye picha au maandishi, na kwa zoezi hili huhitaji bando hata kidogo, dada. Tumia kilicho mtaani: vibao vya saluni, mabango, kalenda za ukutani. Picha 40 zinatosha kazi ya darasani.

Weka kanuni ya kuchagua kabla hujatoka nyumbani, na uiandike. Kwa mfano: kila kibao chenye picha ya mtu, upande mmoja wa barabara, kuanzia Kabwe kuelekea sokoni, mpaka zitimie 40. Kosa linaloua kazi nyingi ni kupiga zile zinazokubaliana na ulichokwisha kuamini na kuziruka nyingine. Kibao cha fundi viatu chenye mwanamke aliyevaa koti la baridi nacho kinahesabiwa, hata kama kinakuharibia hoja. Ukitaka magazeti ya kila siku badala ya vibao, usichukue siku saba mfululizo, maana wiki moja inaweza kumezwa na habari moja. Chukua Jumatatu ya wiki ya kwanza, Jumanne ya wiki ya pili, na kuendelea hadi Jumapili ya wiki ya saba.

Kisha jedwali. Safu sita, si zaidi: nani yupo, nani mkubwa au yuko juu, nani anafanya kazi na nani anatazama, mikono inagusa nini, macho yanaelekea wapi, na mwili umekatwa wapi na fremu. Nyingi kati ya hizi zinatokana na Erving Goffman, mwanasosholojia aliyechambua jinsia kwenye matangazo miaka ya 1970. Aligundua kwamba maana imejificha zaidi kwenye vidole na magoti kuliko kwenye nguo.

Tujaribu moja. Tuseme ni kalenda ya duka la pembejeo. Mwanamume amesimama, buti miguuni, kidole kinaelekea shambani, kinyunyizio mgongoni. Mwanamke yuko pembeni yake, chini kidogo kwenye mteremko, amebeba gunzi la hindi kwa ncha za vidole kama anashika yai, anatabasamu akimtazama yeye, wala si shamba. Jaza: mwanamume juu, anayefanya kazi ni mwanamume, mkono wa mwanamke unagusa bila kushika, macho yake yako kwa mwanamume. Nguo zake ni za heshima tupu, kitenge na kilemba, na anayetafuta mapaja tu angeipita picha hii akisema haina tatizo. Lakini yeyote aliyewahi kupita Mbozi msimu wa palizi anajua nani hushika jembe.

Usiweke safu ya "mrembo" wala "amedhalilishwa". Watu wawili hawatakubaliana, na safu ambayo watu wawili hawaikubaliani haina faida. Ndiyo maana unahitaji mwenzako: mpe picha 10 kati ya 40 na jedwali tupu, ajaze bila kuona lako. Mkilingana kwenye nane au zaidi kwa kila safu, endelea. Mkilingana kwenye tano, maelezo ya safu ndiyo mabovu. Yaandike upya, msibishane. Rangi ya ngozi ni mtihani wa pekee, kwa sababu vibao hupauka kwa jua na simu hung'arisha picha. Linganisha watu walio kwenye kibao kimoja tu, usilinganishe kibao na kibao.

Kabla ya kupiga picha mwombe mwenye saluni, na subiri wateja wasiwemo. Ukiamua kuwahoji watu, hiyo ni kazi nyingine: utahitaji barua ya utambulisho ya chuo, uipitishe kwa uongozi wa mkoa na wilaya, na kwa aliye chini ya miaka 18 upate ridhaa ya mzazi. Anza mapema, barua ndiyo huchelewa kuliko utafiti wenyewe.

Mimi ni mwanaume na wenzangu wananicheka kwa kuchukua somo hili. Je, linanihusu?
*Mwanafunzi wa jioni, Kihesa, Iringa*

Linakuhusu, kaka. Hesabu vifua vilivyotuna kwenye vibao vya jimu na mafuta ya ndevu utaona. Ukitaka mada ambayo darasa zima halitakuwa nayo, chukua hiyo.

Tangu nianze kuchambua hizi picha nimeanza kujitazama zaidi kwenye kioo. Ni mimi tu?
*Mwanafunzi, Njombe*

Si wewe tu, na kuna jina lake. Wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts, waliandika mwaka 1997 kwamba mwanamke anayeishi akitazamwa hujifunza kujitazama kwa jicho la nje. Kwa Kiingereza huitwa *self-objectification*, yaani kujigeuza kitu cha kutazamwa. Mwaka uliofuata jaribio moja liliwavalisha wanafunzi nguo ya kuogelea au sweta, kila mmoja peke yake chumbani mbele ya kioo, kisha wakapewa hesabu. Wanawake waliovaa ya kuogelea walifanya vibaya zaidi kuliko wenzao wa sweta. Umakini ulikuwa umehamia kwenye mwili.

Kwa hiyo punguza dozi. Chambua picha kwa nusu saa, usifanye hivyo kabla ya kulala, na zitoe kwa rangi nyeusi na nyeupe uzipe namba badala ya majina. Fanya kazi kwenye meza isiyo na kioo mbele. Lakini kama umeanza kuruka milo, kujitapisha, kunywa dawa za kuharisha, au hedhi imekatika, weka somo pembeni uende kituo cha afya na uombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Mwambie ukweli kuhusu chakula. Ukisema "uchovu" tu utarudi na vidonge vya damu.

Kuna maandishi yoyote ya ufeministi kuhusu huku kwetu, au yote ni ya Ulaya na Marekani?
*Msomaji, Kyela*

Yapo. Marjorie Mbilinyi, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1988 makala kuhusu wake waliotoroka ndoa wilayani Rungwe kati ya 1919 na 1961. Humo hakuna matangazo wala vipodozi. Mwili unaozungumziwa ni wa kulima, kuzaa na kuolewa kwa lazima, na jinsi dola ya kikoloni na wazee walivyojaribu kuuzuia usiondoke. Isome sambamba na ile kalenda ya pembejeo.