Feni zinazunguka, skrini nyeusi: anza na RAM

Kaka, umesema umeme ulikatika huko Jinja, na uliporudi kompyuta ikawa inawaka, feni zinazunguka, ila skrini nyeusi tii na hakuna mlio. Usikimbilie kununua pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, kama fundi alivyokushauri. Kweli, feni kuzunguka si ushahidi kwamba pawasaplai ni nzima, lakini RAM, yaani vijiti vya kumbukumbu ya kompyuta, huangaliwa kwanza kwa sababu kuiangalia ni bure.

Chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kama 20 ili umeme uliobaki uishe. Fungua kasha, gusa chuma chake, toa vijiti vya RAM. Sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha kijiti kimoja tu, ukikandamize mpaka kilie "tak". Chomeka waya, washa. Ikigoma, zima, chomoa tena, hamishia tundu jingine, halafu jaribu kijiti cha pili peke yake. Mimi hapa Kampala, kwa vumbi hili la barabarani, kazi hii naifanya kila kiangazi.

Bado? Chomoa waya tena, toa betri ya duara, CR2032 ya volti 3, ngoja dakika 5, irudishe. Na usikasirike nikiuliza: kama una kadi ya picha (graphics card), waya wa skrini umeuchomeka kwenye kadi au kwenye ubao mama (motherboard)? Jirani yangu alinimalizia Jumapili nzima kwa hilo tu.

Pawasaplai yenyewe usiifungue, hata ikiwa imechomolewa. Ndani hubaki umeme wa kukurusha.