Maswali na Majibu: Kutunza Matumbawe Mbali na Bahari

Barua za safari hii zimetoka Kampala, Jinja, Mbarara na Kabale, na zote zinahusu utunzaji wa matumbawe hai na samaki wa maji ya chumvi ndani ya tangi la kioo, katika nchi isiyopakana na bahari. Nimezifupisha bila kubadilisha maana yake. Ninaanza na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine.

Swali: Mwalimu, chumvi ya matangi ya baharini ni ghali na inatoka mbali. Je, siwezi kutumia chumvi yetu ya Katwe, au hata ya mezani? (Msomaji, Mbarara)

Jibu: Usitumie, ndugu yangu, wala ya Katwe wala ya mezani. Ninaelewa kwa nini wazo hilo linavutia, maana Ziwa Katwe (nasema lile la Kasese, si mtaa wa Kampala) limewapa watu wa magharibi chumvi kwa vizazi vingi, na anayewaona wachimbaji wakiwa wamesimama ndani ya maji yale makali wakipasua magamba ya chumvi hawezi kuidharau kazi yao. Lakini ziwa hilo limo ndani ya kreta ya volkeno, na chumvi yake si ya baharini. Maji yake yamejaa magadi, yaani kaboneti ya sodiamu, pamoja na salfati, ilhali kalsiamu na magnesi ni chache mno.

Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na ndani ya hizo kuna gramu 19.3 za kloridi, 10.8 za sodiamu, 2.7 za salfati, karibu 1.3 za magnesi, na 0.4 hivi kwa kila moja ya kalsiamu na potasiamu. Hiyo gramu 0.4 ya kalsiamu inaonekana ndogo, lakini ndiyo ambayo tumbawe huichota siku kwa siku, likaiunganisha na kaboneti na kujijengea mifupa ya chokaa. Ukitia magadi mengi ndani ya maji hayo, kalsiamu hugandana nayo na kutua chini kama unga mweupe, pH (kipimo cha asidi na alikali ya maji) hupanda ghafla, na tumbawe hubaki bila cha kujengea. Chumvi ya mezani nayo ni kloridi ya sodiamu karibu tupu, iliyotiwa iodini kwa ajili ya afya ya binadamu, haina kalsiamu wala magnesi ya maana.

Nunua chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa matumbawe, na upige hesabu kabla ya kununua tangi. Tangi la lita 200 huhitaji takriban kilo 7 kulijaza, kisha gramu 700 kila unapobadilisha sehemu moja ya kumi ya maji, kwa hiyo ndoo ya kilo 20 italijaza na kukutosha kwa mabadiliko kama 18. Ukibadilisha kila wiki, hiyo ni zaidi ya miezi minne. Ikiwa hesabu hiyo inakulemea, ni afadhali uanze na tangi la lita 100 kuliko kuanza na chumvi isiyofaa.

Swali: Hapa Jinja maji hayatupi shida. Nichanganye chumvi na maji ya bomba, ya mvua, au ya ziwani? (Baba Amina)

Jibu: Ya ziwani yaache kabisa, Baba Amina. Maji ya Ziwa Viktoria karibu na miji hubeba nitrati na fosfati kutoka mashambani na kwenye mitaro, na hicho ndicho chakula cha mwani; ukiona ukingo wa ziwa umegeuka kijani kama supu, umeona kitakachotokea kwenye kioo chako. Maji ya mvua yanaonekana safi, lakini wengi wetu huyakinga kutoka kwenye mabati, ambayo hupakwa zinki, na juu yake kuna vumbi na kinyesi cha ndege. Zinki na shaba, hata kwa kiasi kidogo sana, huwaua konokono, kamba na matumbawe.

Tumia maji ya bomba, lakini baada ya kuyapitisha kwenye mashine ya kuchuja yenye kichujio cha kaboni, utando mwembamba na resini, yaani punje zinazonasa madini yaliyobaki. Kaboni hutangulia kwa sababu klorini iliyotiwa kwenye maji huuharibu utando huo. Mwishoni tumia kile kipimo kidogo cha mkononi kinachoonyesha kiasi cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji: kikisoma sifuri, maji yako tayari, kikianza kupanda, badilisha resini. Kwa kila lita moja safi mashine humwaga lita tatu au nne, na maji hayo hayana ubaya wowote kwa kufulia au kumwagilia migomba, kwa hiyo yakinge kwenye jerikeni badala ya kuyaacha yaende mtaroni.

Swali: Maji ya tangi langu hupungua kila siku, nami hujazia maji ya chumvi niliyoyapima vizuri. Sasa matumbawe laini yamejifunga na hayafunguki. Nimekosea wapi? (Dada wa Ntinda, Kampala)

Jibu: Dada, kosa liko kwenye kujazia, na hata mimi nililifanya katika mwaka wangu wa kwanza, nikapoteza tumbawe la vidole ambalo nilikuwa nimelitunza miezi saba. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi haiondoki nayo. Utaiona hata kwa macho: tazama ukingo wa juu wa kioo na shingo ya pampu, mahali maji yanaporukia, utakuta ukoko mweupe unaovunjika ukiugusa kwa ukucha. Kinachopungua tangini, basi, ni maji matupu, na kinachotakiwa kurudishwa ni maji matupu yaliyochujwa.

Hesabu yake ni hii. Tuseme tangi lako ni la lita 200 na linapoteza lita 3 kwa siku. Ukirudisha lita 3 za maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, umeongeza gramu 105 kwa siku moja, na gramu 735 kwa wiki. Maji yaliyokuwa na gramu 35 kwa lita yamefika karibu 38.7 katika siku saba tu, na tumbawe halina figo wala ngozi nene ya kulikinga. Linajikunja ili lisipoteze maji ya mwilini mwake.

Usirekebishe kwa siku moja, maana kushuka ghafla huumiza kama kupanda. Toa maji ya tangi lita mbili kwa siku, weka mahali pake maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, na upime kila jioni mpaka ufikie 35. Pima kwa refraktometa, ile unayoitazama kwa jicho moja ukiielekeza kwenye mwanga, na uirekebishe kwa kimiminika maalumu cha gramu 35, kwa sababu iliyorekebishwa kwa maji matupu inaweza kusema kweli kwenye sifuri na kukosea pale unapoihitaji. Kisha chora mstari kwa kalamu kwenye kioo cha chumba cha pampu, na kila asubuhi ujaze hadi hapo.

Swali: Mzee, kwetu Kabale umeme hukatika hata kwa muda wa saa nane. Samaki hupanda juu na kuhema. Je, niwashe hita kwa betri? (Mwalimu wa sekondari, Kabale)

Jibu: Mwalimu mwenzangu, hita iache, ushughulikie hewa kwanza. Swali hili limenigusa kuliko yote ya safari hii, kwa sababu wanaoishi nyanda za juu wanabeba mzigo ambao miongozo ya watu wa pwani haiutaji. Kiasi cha oksijeni kinachoyeyuka majini hufuata mgandamizo wa hewa. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo ni takriban asilimia 87 ya ule wa pwani. Kabale, iliyo juu ya mita 1,800, hukaribia asilimia 80. Maji ya chumvi tayari hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya ziwa yasiyo na chumvi, kwa hiyo samaki wako huanza siku akiwa na akiba ndogo, na usiku akiba hiyo hupungua zaidi, maana mwani ulio ndani ya matumbawe huacha kutoa oksijeni taa zikizimwa, kisha nao huivuta.

Kwa sababu hiyo, hata umeme ukiwepo, pampu moja inapaswa kuelekezwa juu ili uso wa maji utikisike wakati wote, na usilifunike tangi kwa kioo kizima. Wavu unatosha kuwazuia samaki wasiruke. Umeme ukikatika, pampu hiyo moja ndiyo ya kuokolewa. Pampu ya wati 10 ikiunganishwa na betri ya volti 12 na Ah 100, na betri ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, itakwenda karibu siku mbili hata baada ya invata kula sehemu yake. Hita ya wati 200 ingeimaliza kwa saa chache. Kuhusu baridi, fungia tangi blanketi pande zote nne na uache juu wazi. Maji hupoa polepole, na kushuka kutoka nyuzi 26 hadi 23 kwa usiku mmoja matumbawe mengi huvumilia, ilhali kukosa oksijeni samaki havumilii.

Ambaye hana betri achote maji kwa jagi na kuyamimina tena kutoka juu, mara ishirini au thelathini kila nusu saa. Usiwalishe samaki mpaka umeme urudi. Na kama una kichujio cha kopo lililofungwa, mwaga maji yaliyolala ndani yake kabla ya kukiwasha, kwa sababu bakteria wa humo huwa wamekosa hewa na maji yao yameoza.

Swali: Nilijaza tangi Jumamosi, Jumapili nikatia samaki wanne, Jumatano wote walikuwa wamekufa. Maji yalikuwa safi kabisa. (Kijana, Wandegeya)

Jibu: Pole sana, kijana wangu. Usafi unaouona kwa macho hauonyeshi amonia. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu, na sumu hiyo huwa kali zaidi kwenye maji yenye pH ya juu kama ya bahari. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa, na makundi hayo huchukua wiki nne hadi sita kuota kwenye mawe na mchanga. Weka mawe, tia chembe ya chakula, pima, na ungoje mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Kisha tia samaki mmoja, si wanne.

Swali: Samaki wangu ana madoa meupe kama punje za chumvi. Nimepata dawa ya shaba. Niimimine tangini? (Mama Patrick, Jinja)

Jibu: Usiimimine kwenye tangi la matumbawe, mama. Shaba itamwua mdudu mdogo anayeleta madoa hayo, lakini itaua pia kamba, konokono na matumbawe, na mabaki yake hunywewa na mawe kisha kutolewa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Wahamishe samaki wote, hata wasio na madoa, kwenye chombo kingine kisicho na mchanga wala mawe, uwatibu humo huku ukipima kiwango cha dawa kila siku. Tangi kubwa libaki bila samaki. Mdudu huyo hudondoka kutoka kwa samaki, hujifunga kwenye kifuko mchangani na kupasuka baadaye akitafuta samaki mwingine, asipompata hufa. Wafugaji wengi hungoja siku 76, nami sikushauri ufupishe.

Swali: Nimepewa mawe yenye matumbawe madogo kama vifungo. Nataka kuyachemsha ili yawe safi. (Kampala)

Jibu: Tafadhali usiyachemshe. Baadhi ya vifungo hivyo hubeba palitoksini, sumu kali sana ambayo joto la sufuria haliiondoi, na watu wameugua kwa kuvuta mvuke wake jikoni. Usiyasugue yakiwa nje ya maji, vaa glavu na miwani, na kama una kidonda mkononi mwombe mtu mwingine aifanye kazi hiyo.

Swali: Nitasafiri kwenda Mombasa. Naweza kurudi na vipande viwili vitatu vya tumbawe kwenye chupa? (Msomaji, Mukono)

Jibu: Hapana, rafiki yangu. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Uganda na Kenya zote ni wanachama, na kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Nayo yanayoota kwenye miamba ya pwani ile yameshateseka vya kutosha kwa joto la bahari. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi yalipauka na kufa.

Tafuta mfugaji mwenye tumbawe lililokulia tangini, umwombe kipande cha ukubwa wa kidole gumba kilichobandikwa kwa gundi kwenye kigae. Kikifika, zima taa, acha mfuko uelee juu ya maji kwa nusu saa, kisha ongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika kumi kwa muda wa saa nzima. Kiweke chini mchangani wiki ya kwanza, na ukipandishe kuelekea mwangani kiasi cha kiganja kimoja kila wiki, ukitazama kama polipu zake, yaani vijinyama vidogo vyenye minyiri, zimechomoza kabla ya kukisogeza tena.